A ya Rosebella

Kwenye bati la ukutani, juu ya kitanda, pameandikwa kwa mkaa: TARGET: A. Aliyeandika ni Rosebella, siku alipoanza kusomea famasia chuoni kule Kawangware. Alikufa kwa homa, wiki mbili kabla ya mtihani. Mama yake ameshabadilisha pazia na hata kitanda cha nyumba hiyo ya mtaa wa Gatwekera, lakini bati lile haliguswi na mtu.

Annet, mdogo wa Rosebella, alijiunga na chuo kilekile, kozi ileile. Kila muhula ukianza, mwalimu wao, Bwana Makau, hugawa vikaratasi, kila mtu aandike gredi anayoitarajia. Muhula wa kwanza Annet aliandika A, akapata C. Wa pili akaandika A, akapata C nyingine. Angefanyaje? Kuandika chini ya hapo aliona ni kumzika dada yake mara ya pili. Na adhuhuri, jua likipasha bati likaanza kulia ta, ta, yeye alisikia mtu anagonga kalamu, anangoja jibu. Aliogopa, na aliona haya kuogopa, maana huyo wa kumtisha ndiye aliyemfundisha kusoma.

Muhula wa tatu Makau alimrudishia karatasi.

"Annet, hii A ni ya nani?"

Annet alikikunja kikaratasi.

"Nilisema gredi unayotarajia. Kesho niletee yako."

Jioni alimkuta mama yake akikunja nguo za mitumba alizorudi nazo kutoka soko la Toi.

"Mathe, nikipata B utaskia vibaya?"

"Nani alikuambia mimi nataka A?"

Annet akaonyesha bati kwa kidole.

"Hiyo ni ya Rose. Siifuti, juu ni mwandiko wa mkono wake. Hata angeandika D ningeiacha hapo." Mama akainama kwenye jiko, akatoa kipande cha mkaa. "Yako ndiyo nimeingoja tangu uanze. Andika."

Annet alipanda kitandani, akaandika B kando ya ile A. Herufi ilitoka imepinda. Mama aliitazama, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini.

Asubuhi jirani aliita mlangoni kama siku zote, "Mama Rosebella!"

"Naam," mama aliitika. Kisha akaongeza, "Na Annet."