Ufito wa Ndiva

Kwa miaka kadhaa nimewaambia ndugu zangu kwamba chuo kikuu kilimbagua binti wa kaka yangu kwa sababu ni wa mlimani. Si kweli. Aliyemharibia ni mimi, tena kwa mwandiko mzuri.

Chuo kiliandaa kambi ya sayansi na uhandisi, likizo ya Juni, kwa wasichana wa shule za kata zisizo na maabara. Fomu yao ilinikera tangu mwanzo: ukurasa mzima wa kueleza umaskini wa kwenu, mistari mitano ya kueleza tatizo la kiufundi ulilolitatua. Yote kwa Kiingereza. Binti alishuka nayo kutoka Vudee, kule mlimani, mpaka kwangu, Same mjini, niikague.

Kwenye ile mistari mitano alikuwa ameandika habari za ndiva, bwawa la kijiji linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Mashamba ya chini yalikuwa hayafikiwi na maji. Akachonga alama kwenye ufito, akausimika bwawani, akahesabu maji yanashuka alama ngapi kwa kila zamu. Wazee wakakubali kugawa kwa alama, wakaacha kukadiria kwa jua. Mjane wa shamba la mwisho akavuna maharage.

"Hiki ni kijiti," nikamwambia.

"Ni kipimo, shangazi."

"Wale ni wahandisi, mwanangu. Watakucheka."

"Wazee wa mfereji hawakucheka. Na wazee hao humcheka hata mchungaji."

Nikachapa fomu nyingine, nikamwandikia kwamba ameunda roboti ya kumwagilia bustani. Mimi, mwenye shahada mbili na makala chungu nzima za kutetea maarifa ya wenyeji, nisiyeweza kubadili hata balbu. Akaisoma mara mbili, akatia saini. Kwetu dada wa baba hapingwi, nami nililijua hilo vizuri kuliko nilivyoijua roboti.

Orodha ilipotoka, jina lake halikuwemo. Nikampigia mratibu wa kambi, nikamtolea hotuba kuhusu watu wa mjini wanaowaona watoto wa milimani kama mapambo ya ripoti zao. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, tuliongea naye kupitia simu ya mwalimu wake. Tukamuuliza roboti yake inatumia betri gani. Akanyamaza."

"Mnawatisha watoto, halafu mnashangaa wakinyamaza."

"Tukamuuliza nani alimwandikia. Akasema ameandika mwenyewe."

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Ni mimi. Nilikuwa bado na hasira, na hasira ilinifaa sana, kwa kuwa iliniziba mdomo.

"Nafasi tumempa mwingine," akasema. "Wewe ni nani wake?"

"Shangazi."

"Basi kaa naye, mama, umweleze ubaya wa kusema uongo."

"Nitamweleza," nikasema.