Mpimaji wa Sarafu

Sijaona mtu wa kufutafuta kama yule mpimaji wa sarafu za kale, anayezipa daraja la ubora kabla hazijauzwa. Hufuta miwani kabla ya kutazama, na akishatazama hufuta tena. Lakini sarafu iking'aa, anakunja uso: ya kale ikisuguliwa, anasema, hupoteza thamani. Ile adimu ya shangazi yangu, aliyotaka kuiuza aezeke nyumba, mpimaji aliigeuza mara moja chini ya taa, akaisukuma kwa ncha ya kalamu kama mende aliyekufa. "Imesafishwa. Haipati daraja." Na bila daraja nani atainunua? "Niliisugua kwa majivu, mwanangu, nisikuletee uchafu," shangazi akasema. Mpimaji hakuinua hata uso. Alishachukua nyingine, ya tajiri mmoja, iliyotoka kuogeshwa dawa chumba cha pili, humo humo ofisini kwao, nyeupe pe, akaipa daraja la juu. "Na hiyo je?" nikamuuliza. "Hii imehifadhiwa," akasema, akafuta miwani.