Maji Yalizipeleka Dawa za Mama kwa Jirani

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonisaidia siku hiyo.

Mama alipofariki nilirudi kijijini kwetu Talatala, Kyela, kusafisha chumba chake. Nikakuta vidonge vyake vya kisukari, vingi, vimepita muda. Mwenye akili angeuliza zahanati. Mimi nilivifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikautupa kwenye shimo la taka kule migombani. Nikanawa mikono, nikajiona bwana afya!

Mnaoijua Kyela mnaijua mvua yake. Maji yalijaa, shimo likafurika, taka zikaelea hadi uwanjani kwa jirani yetu, Mama Tusekile. Mfuko ulifika mkavu ndani. Nilikuwa nimeufunga vizuri mno!

Mama Tusekile na mama yangu waligawana kila kitu: mchele, mawese, hata dawa. Mmoja akiumwa miguu, mwenzake anamletea kidonge. Akaniita kutoka kwake, mfuko mkononi.

"Baba, hizi si za marehemu? Miguu inaniua."

Nilikuwa kwenye simu. "Aa, mama, zimepita muda hizo. Hazina nguvu tena."

"Basi kama hazina nguvu, hazitaniua!"

Tukacheka. Jamani, tulicheka!

Kesho yake mwanawe, Ambakisye, alimkuta haamki, jasho linamtiririka. Hospitali wakasema sukari imeshuka mno. Dawa iliyopita muda ilikuwa na nguvu zake zote.

Hakufa. Anakula, anatembea, lakini akili haikurudi yote. Nyumbani kwake wanasema ni uzee. Nikienda kumsalimia ananishika mikono yote miwili: "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Mama yako hakunisahau, amenitumia dawa." Wanawe wanainamisha macho, wanadhani anaweweseka. Mimi peke yangu najua kwamba hapo ndipo anaposema kweli. Na bado nakula wali wao!

Sauti hiyo ya shukrani hainiachi. Naisikia nikinawa uso, naisikia nikiandika hapa.

Ndugu zangu, msitupe dawa shimoni. Zipelekeni zahanati au duka la dawa, waulizeni namna ya kuziteketeza. Na mtu akikuuliza kama dawa ya mwingine inamfaa, zima simu, mwambie hapana.

Ambakisye, kama unasoma, ni mimi. Nakuja jioni kukwambia mwenyewe. Usinipikie.