Nukta Chini ya Saini

Nina faili la saini za maofisa wa vita vya kwetu Kongo. Ni vikaratasi vya kupitia vizuizini, ambavyo watu walikimbia navyo wakavifikisha hadi hapa Durban. Mtu akishapata hati zake za ukimbizi, cha zamani hana kazi nacho tena. Anapokuja dukani kwangu kutengeneza simu, namwomba. Wengine wanasema mimi mpelelezi. Waseme, watachoka.

Ninachotafuta ni kitu kimoja. Mimi na kaka yangu tulisainiwa na meja mmoja, asubuhi moja, kwa kalamu moja; uso wake siukumbuki. Kaka alinitania kwamba cha kwangu kimedondokewa na wino, kwa sababu chini ya saini palikuwa na nukta nyeusi. Chake kilikuwa safi. Darajani askari walivitazama vikaratasi vyetu, mimi nikapita, kaka akawekwa kando. Sijamwona hadi leo.

Faili lina vikaratasi kumi na tisa vya meja huyo, vyote vya watu waliopona. Vyote vina nukta. Namwomba Mungu anipatie kimoja tu kisicho nayo, nijue kwamba ulikuwa wino tu.

Mwaka jana kanisani kwetu alihamia mzee mmoja mpole, mpokea sadaka. Akiulizwa alikuwa wapi wakati wa vita, alisema alifundisha shule. Leo shule iko Uvira, Jumapili inayofuata iko Kalemie. Watu walimpenda. Mimi nilijisemea simba mwenda pole ndiye mla nyama, kisha nikaona haya, maana nimeshawashuku wazee wengi wasio na kosa.

Juzi alikuja kuchukua simu yake niliyombadilishia kioo. Kila mteja wangu husaini daftari kabla ya kuondoka. Alisaini haraka, mkia wa saini ukajikunja kurudi nyuma kama ndoana. Nilikuwa naujua mkia ule kutoka vikaratasi vya meja. Lakini saini hufanana, kwa hiyo nikamrudishia daftari.

“Papa, umesahau kuweka nukta.”

Alinitazama, akatazama nje, ambako taxi zilikuwa zikipiga honi kwenye robot, taa za barabarani. Kisha akainama, akaiweka pale pale, chini ya saini, katikati.

Hakuuliza nukta gani.