Chupa ya Chozi

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku niliyorudi Ibra, huku Omani, kutoka harusini mji wa Sur. Nilikuwa na miaka ishirini, mke mpya, sijatimiza mwaka tangu nitoke Unguja.

Mama mkwe wangu, Bi Salha, alikuwa amevunjika nyonga. Kutwa akikaa dirishani akitazama uani, kwenye mkomamanga. Maua yakiwepo walikuja chozi, wale ndege wadogo wa mdomo uliopinda wanaonyonya maua, dume lake jua likimpiga unaona buluu. Maua yakaisha, na chozi wakapotea. Bibi akawa hasemi.

Nikaona nimfurahishe. Nikachukua chupa, nikatia maji, sukari nyingi, asali, na sharbati nyekundu ipendeze, nikaitundika mtini. Siku ya tatu wakaja. Bi Salha akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Majirani wakaja kutazama, wakanisifu, na mimi, kusema kweli, nikavimba kichwa.

Kisha nikaalikwa harusi. Nikaijaza chupa mpaka shingoni, nikaenda zangu siku saba, na joto lile la kiangazi unalijua. Wifi yangu alikuwa akija asubuhi na jioni kumlisha mamake, akirudi mbio kwa wanawe.

Niliporudi, chupa ilinuka kama siki, imejaa sisimizi. Chini ya mti wamelala chozi wawili, wamekauka. Nikawafagia upesi, nikaingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chozi wangu wako wapi?"

"Wamehama, mama. Joto."

Akanitazama. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote, maana dirisha lilikuwa wazi.

"Nimekaa hapa siku saba," akasema. "Nimewaona wakija kwenye chupa iliyoharibika, kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Nilimwambia wifi yako aioshe, akacheka: ndege nao wana mpishi? Na mimi siwezi kunyanyuka." Akanishika mkono. "Yaa binti, mimi pia nakula mkononi mwako."

Nilikaa chini nikalia, nikamwomba radhi. Hakunigombeza zaidi. Aliniambia nilete chupa, niisugue kwa maji ya moto mbele yake.

Tangu siku hiyo nikafuata kipimo chake: sukari kikombe kimoja, maji vikombe vinne, yachemke, yapoe. Asali hapana, rangi hapana. Chupa kivulini, na wakati wa joto inaoshwa kila siku, hata kama haijaisha. Nikisafiri, naiteremsha siku kadhaa kabla, wakatafute maua kwengine. Nikapanda na miti ya maua ukutani, kwani chupa si badala ya ua.

Ilipita zaidi ya mwezi ndipo akaja mmoja, jike, kijivu tu. Bi Salha akaniita kwa sauti ya chini nisimtishe. Tukakaa pamoja dirishani, chai ikapoa. Miaka minne mingine aliishi, Mungu amrehemu, na sikumwacha siku hata moja bila ya kumwambia nakwenda wapi na nani atakuwa naye.

Sasa nawaona nyinyi vijana mnanunua vichupa vya plastiki, mnapiga picha kwa simu, wiki mbili mmechoka. Watu husema tenda wema wende zako. Ni kweli, usingoje shukurani. Lakini ukishamzoesha kiumbe mkono wako, ndege au mzazi, usende zako tu. Anza kidogo unachoweza kukiendeleza. Ukitaka kuacha, aga. Na ukikosa, sema umekosa kabla hujafagia.

Mola akupe mkono usiochoka, mwanangu, na akujaalie uzeeni mwako mtu wa kukaa nawe dirishani. Amin.