Kaa wa Fundi Saa

Mjomba wangu ni fundi saa, na hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini chakula tulichoalikwa saa sita mchana tulikila saa kumi jioni.

Tangu mkewe afariki, dada yake Mjomba, ambaye mimi humwita Mama Mkubwa, alikuwa akimpelekea chakula kila Jumapili na kumkagua kama mtoto wa shule: kola, kucha, friji. Mwezi uliopita akatangaza kwamba amechoka na nenda rudi. Atahamia kwa Mjomba kabisa, maana mwanamume asiyejua kupika atakuja kukutwa amekufa na pakiti ya biskuti mkononi. Mjomba nusura azimie. Anaipenda nyumba yake ilivyo, yeye na saa zake, bila wa kumuuliza alikotoka. Akaomba apewe nafasi moja, atupikie wote kitu cha maana bila msaada wa mtu. Akipatia, dada yake abaki nyumbani kwake mwenyewe. Akichemsha, alete sanduku.

Mtu mwenye akili zake angekaanga mayai. Mjomba akachagua kaa na kamba wa kuokwa kwa jibini na malai, wa kuchovya kwa mkate wakiwa moto, kwa sababu jirani aliwahi kumwonjesha.

Nilipoingia jikoni nilimkuta amebana jichoni kile kioo chake cha kukuzia, anachambua nyama ya kaa kwa kibanio anachoshikia skrubu za saa. Kaa wanne. Kila chembe ya gamba aliiweka kwenye kisosi. Nikamwambia wageni wamefika. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Nikamwambia wageni wana njaa. Akanijibu vilevile.

Sebuleni, Mama Mkubwa alikuwa ameapa kutokanyaga jikoni, kwa hiyo alikalia mikono yake. Harufu ya kitunguu saumu ikipita, ananyanyuka kidogo, anajirudisha. Saa nane alianza kutuonea huruma sisi. Saa tisa akaanza kujionea huruma mwenyewe.

Hatimaye bakuli likaingia kwenye oveni, likae dakika ishirini. Sasa, ukutani kwa Mjomba kuna saa kumi na moja, zote za wateja, zote ziko kwenye majaribio, na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Nikamuuliza tufuate ipi. Akazitazama zote kwa aibu, kisha akapiga magoti mbele ya oveni, kioo jichoni, akaikazia macho ile jibini mpaka ikatokota na kugeuka kahawia.

Alilitua bakuli katikati ya meza likiwa bado linachemka, na mkate umekatwa vipande sawasawa kama kwa rula. Nilikuta rula jikoni baadaye. Mwenye njaa hana miiko. Tulichovya wote kwa pamoja, tukigongana mikono na kuungua ndimi. Kilikuwa kitamu mno, na naona haya kusema kwamba nilishangaa. Jibini ilivutika mpaka kidevuni, na katika nyama yote ile hapakuwa na chembe ya gamba. Mama Mkubwa ndiye aliyelifuta bakuli kwa kipande cha mwisho, kona zote.

Mjomba akanyoosha mgongo, akamuuliza dada yake sasa anasemaje.

Mama Mkubwa akalisukuma bakuli pembeni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nasi tukadhani ni pilipili.

"Tangu Mama afariki," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kunipikia mimi. Miaka thelathini napika, nasubiri mtu aniambie kaa, leo usifanye kitu. Kesho naleta sanduku."

Mjomba alifungua kinywa ili amkumbushe makubaliano. Akamtazama usoni, akakifunga. Nilimpenda sana wakati ule, yule mzee wa kuchelewesha watu.

"Basi Jumapili ungependa kula nini, dada?"

"Kaa tena," akasema. "Ila uanze Alhamisi, mdogo wangu."