Bastola ya Chuma ya Emil Kuchta

Kila jioni kabla ya kulala, Emil Kuchta aliikoki bastola yake kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, kisha akaifungia kwenye sanduku dogo la chuma kando ya kitanda. Mkewe, Marlene, alikuwa akimsikia kutoka bafuni huku akisugua meno. Kraa-chak. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mwisho ya siku yao. Marlene ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na mara nyingi alituambia kwamba usingizi wake ulianzia pale pale, mswaki ukiwa bado mdomoni.

Emil alifariki mwezi Februari, mapafu yakiwa yamekwisha, kama walivyokwisha wengi waliofanya kazi kwenye tanuri za chuma kule bondeni. Tangu siku hiyo nyumba yao ya kilimani ikawa kimya, na shangazi akawa hapati usingizi. Alikuwa akikaa kitandani upande wake, taa imewashwa, akitazama upande wa pili.

Wezi nao walizidi kumnyima usingizi. Mtaa wetu una nyumba nyingi tupu, na watu huja kung'oa mabomba ya shaba wakauze. Majira yale walivunja mlango wa nyumba isiyo tupu, jirani kabisa na shangazi. Polisi wa jimbo walifika kutoka ng'ambo ya vilima mwizi akiwa ameshakwenda zake, maana kituo chetu wenyewe kilifungwa, madirisha yakapigiliwa mbao, ikasemwa hakuna bajeti. Chuma kilichotoka bonde hili kimejenga madaraja na maghorofa ya nchi nzima. Leo bonde hilo hilo linaambiwa haliwezi kuwasha taa ya kituo kimoja cha polisi, na mjane wa aliyekifua chuma hicho anaambiwa ajilinde mwenyewe. Nikiandika haya nina hasira, na sioni sababu ya kuituliza.

Lakini shangazi hakuwa na hasira. Alikuwa na binti, Denise, anayeishi Carolina, mbali kusini, na Denise alikuwa na chumba.

"Mama, chumba kipo. Nimeshakipaka rangi. Unangoja nini huko?"

"Nangoja nyanya zangu ziive."

"Mama, huu ni mwezi wa tatu!"

"Basi nina muda."

Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, nami nikimenya viazi. Denise akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Niambie kitu kimoja. Mtu akivunja mlango wako, utafanya nini? Usiniambie utapiga simu polisi."

"Nina bastola ya baba yako."

"Unaweza kuikoki?"

Shangazi akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo kwa baridi yabisi, baada ya maisha mazima ya kubeba masufuria katika jiko la shule.

"Nimekuuliza, mama. Mimi nimekulia nyumba hiyo, najua lile dude lilivyo gumu. Nenda kwa Gus kule klabuni ukalijaribu. Ukiweza, sitakusumbua tena kuhusu kuhama. Ukishindwa, mwezi wa sita unakuja kwangu. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema shangazi. Nami nilijua hataligeuza neno lake, kwa sababu hajawahi.

Jumamosi nikampeleka kwenye klabu ya shabaha. Ni banda la mbao pembeni mwa msitu, lenye jiko la kuni katikati na vikombe vya kahawa vya wanachama vimetundikwa ukutani kwa misumari. Mwanachama akifa, kikombe chake hugeuzwa uso ukutani, na hakuna anayekigusa mpaka mtu wa nyumbani kwake aje. Cha Emil kilikuwa kimegeuzwa. Shangazi alikiona mara tu alipoingia, akakipita.

Gus Pavlik ndiye msimamizi wa kiwanja. Alifanya kazi tanuri moja na Emil na alibeba jeneza lake.

"Karibu, shemeji. Nasikia leo tunafanya mtihani."

"Sahihisha kwa haki. Usinionee huruma."

"Huruma niliiacha kiwandani."

Karibu na jiko alikuwa amekaa mzee Lubo, ambaye huja klabuni kwa ajili ya joto na maneno. Alipoiona bastola ikitolewa kwenye kitambaa, akapiga mluzi.

"Hiyo si bastola, hiyo ni nanga! Bi Marlene, utamtupia mwizi au utampiga nayo risasi?"

"Nitaanza na wewe, Lubo, kwa mazoezi."

Ilikuwa kubwa kweli. Chuma kitupu, nyundo ya kugonga risasi ikiwa nje kwa nyuma, mpini wa mbao uliosuguliwa na kiganja cha mtu mmoja mpaka ukang'aa. Ukiishika mara ya kwanza mkono hushuka. Gus akahakikisha ni tupu, akampa.

"Haya, ikoki."

Shangazi akashika sehemu ya juu, ile inayovutwa nyuma, akavuta. Haikusogea. Akaibana kifuani, akavuta tena. Vidole vikateleza. Gus akamwonyesha namna nyingine, mkono wa kushoto ushike juu bila kuvuta, wa kulia usukume mpini mbele. Ikafunguka kidogo, ikajifunga kwa kishindo. Shangazi akanyonya kidole gumba.

"Basi, kwa sasa nitakukokia mimi," alisema Gus. "Tuone kama inakusikiliza."

Tukavaa viziba masikio. Shangazi akasimama mstarini, miguu imeachana, mabega mbele kidogo, kama alivyosimama Emil. Sikujua kwamba alijua. Akapiga polepole, akipumua kati ya risasi na risasi. Bastola ilinyanyuka kidogo na kurudi mahali pake, kama ng'ombe mzee anayetikisa kichwa. Tulipoileta karatasi, matundu yote yangefunikwa na kisahani cha kikombe.

"Yesu na Maria," alisema Lubo, akiwa amesogea mlangoni. "Nani kamfundisha?"

"Nilimtazama," alisema shangazi. "Miaka yote nilikaa pale nyuma na chupa ya kahawa. Ulidhani natazama ndege?"

Gus hakuridhika mapema. Akajaza magazini upya huku amempa mgongo, na ndani yake akachanganya risasi bubu, zisizo na baruti. Mpigaji hajui ni ipi. Anayeogopa kishindo huinamisha mdomo wa bastola kabla ya kufyatua, na risasi bubu humuumbua, kwa kuwa hakuna mlio wa kuficha mtikisiko. Shangazi akafyatua, ikalia. Akafyatua tena, ikasema tik tu. Mdomo wa bastola haukutikisika hata kidogo.

"Huyu haogopi," alisema Gus kwa sauti ya chini.

Kisha akatoa bastola yake mwenyewe, nyepesi, ya plastiki, ya siku hizi. Hiyo shangazi aliikoki bila shida. Lakini wepesi ule ulimgeukia. Kila risasi iliirusha mkononi, matundu yakatawanyika kama mtama uliomwagika, na ilipofika risasi bubu mdomo ukainama kama kuku anayedonoa.

"Hii inanichapa," alisema akiiweka mezani. "Ile nyingine inanisukuma tu, kama mtu anayekuomba upishe. Sitaki kitu kinachonichapa ndani ya nyumba yangu."

Tukarudi ndani karibu na jiko. Gus akamimina kahawa, akakaa, akasema kama alivyoombwa, bila huruma.

"Shemeji, kwa kiwanja hiki, ya Emil ni ya kwako. Sijaona mtu akiipiga vizuri hivyo tangu yeye. Ni nzito, na uzito huo ndio unaokutunza. Nyumbani ni habari nyingine. Nyumbani utatoka usingizini, mikono baridi, na Gus wa kukukokia hayupo. Ile unayoweza kuifungua huwezi kulenga nayo. Hii unayolenga nayo huwezi kuifungua."

"Kwa hiyo ni Carolina."

Gus akapuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

"Huko hakuna theluji," alijaribu Lubo. "Na kuna bahari."

"Nyamaza, Lubo."

Shangazi aliichukua bastola, ikiwa tupu, akailaza mapajani. Niliona yuko mbali. Hakuwa akifikiri kuhusu Denise wala bahari. Alikuwa akitembea kimawazo vyumbani mwake, akitazama nini kitaingia kwenye gari na nini hakitaingia. Bafuni akasimama, mswaki mdomoni. Najua hivyo kwa sababu ya alichosema baada ya hapo.

"Gus. Mwaka wa mwisho, Emil alikuwa akifanya kitu kidogo kwanza. Tk. Halafu ndiyo kraa-chak. Zamani ilikuwa ni kraa-chak peke yake. Nilidhani kidude kimelegea."

Gus akaweka kikombe chini, akaangalia sakafu.

"Hakikulegea kitu."

"Ni nini basi?"

"Mikono yake ilikuwa imeisha, shemeji. Alikuja hapa siku moja, akasimama mstarini, akashindwa kuikoki. Emil! Aliyekuwa akinyanyua koleo la tani! Nikamwonyesha njia ya wazee. Uivute nyundo nyuma kwanza kwa kidole gumba, peke yake. Nyundo ikishakaa nyuma, nusu ya ule ugumu imeondoka, na sehemu ya juu inakuja. Aliniapisha nisikwambie."

"Na leo ungeniacha nihame nyumba yangu kwa sababu ya aibu ya marehemu?"

"Ningekwambia! Nilikuwa namaliza kahawa kwanza."

"Kahawa gani hiyo, imeganda!"

Lubo akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Shangazi alikuwa ameinamisha uso.

"Mikono hiyo alikuwa akinilazia mapajani kila jioni tukitazama televisheni," alisema. "Nilikuwa naisugua kwa mafuta ya kafuri. Nilijua inauma. Angeniambia tu kwamba imeshindwa. Ningemwambia na yangu imeshindwa, tukaikoki wawili."

Kuni zikadondoka ndani ya jiko.

Kisha akaielekeza bastola chini, kwenye ndoo ya mchanga iliyo pale kwa kazi hiyo, akaweka kidole gumba kwenye nyundo, akaivuta. Tk. Akashika sehemu ya juu kwa kiganja kizima, akasukuma mpini mbele. Kraa-chak.

Gus hakumwachia hapo. Alimfanyisha akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa amefumba macho, akiwa ameshika theluji kiganjani mpaka vidole vikawa vyekundu. Alipoteleza alirudia. Mwishoni Gus akasema, "Umefaulu," akaenda nje kuokota maganda ya risasi ambayo tayari yalikuwa yameokotwa.

Shangazi akakigeuza kikombe cha Emil, akakifuta vumbi kwa upindo wa sweta, akakinywea kahawa, kisha akakirudisha msumarini kikiwa kimetazama chumba.

"Kitakuwa changu," alimwambia Lubo. "Ukikigusa, unajua nitaanza na nani."

Jioni tulikula tambi na kabichi ya kukaanga jikoni kwake, naye akampigia Denise simu.

"Naweza."

"Kweli, mama?"

"Muulize Gus. Baba yako alikuwa na njia yake, nami nimeijua leo."

Nilisikia mtoto akilia nyuma ya Denise, na maji yakitiririka.

"Na chumba?" aliuliza. "Nimekipaka njano. Unapenda njano."

"Kiache hivyo hivyo. Nitakuja Krismasi nikione."

Mimi bado sikubaliani na dunia inayompa mama wa umri wake chuma badala ya kituo cha polisi chenye taa. Nilimwambia hivyo nikikausha sahani, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na akanijibu, "Uko sawa, baba. Waandikie. Lakini usivunje sahani zangu." Akanibusu kichwani, akaenda kulala.

Nilibaki jikoni. Nilisikia maji bafuni, mswaki, kisha nyayo zake kwenye mbao za chumbani. Hakwenda upande wake wa kitanda. Mbao za upande wa Emil, wa dirishani, hulia tofauti, na ndizo zilizolia.

Tk. Kraa-chak.

Nikajua amehakikisha kwamba ni tupu. Nikangoja kusikia sanduku likifungwa. Halikufungwa. Nilisimama na kitambaa cha sahani mkononi.

Ndipo akaikoki tena, polepole, mara hii bila kazi yoyote ila kuisikia sauti yake.

Baadaye kidogo akazima taa.